Mzee Frontinus, bwana maji wa Roma aliyewasaka wezi wa maji kwa ramani

Wadau, leo tupumzike kidogo na mambo ya Bunge na bajeti, twende Roma. Siyo Roma ya Papa, Roma ile ya kale ya Makaisari. Kuna mzee mmoja huko aliitwa Sextus Julius Frontinus, na mimi kila nikisikia habari za watu kujiunganishia mabomba kinyemela namkumbuka yeye. Mwaka 97 BK alikabidhiwa idara ya maji ya jiji linalokadiriwa kuwa na watu kama milioni moja. Akaikuta imeoza. Na silaha aliyoanza nayo ilikuwa ramani na futi kamba ya enzi hizo.

Kwanza tumjue mwenyewe. Alizaliwa karibu na mwaka 35 BK. Kwenye maandishi ya historia anajitokeza tarehe 1 Januari mwaka 70, tayari mtu mzima mwenye cheo. Mwaka uliotangulia Roma ilikuwa imebadilisha wafalme wanne ndani ya miezi kumi na miwili, damu imemwagika mpaka mjini, na wakuu wote wawili wa serikali hawakuwepo. Yeye akiwa hakimu wa jiji ndiye aliyeitisha kikao cha Seneti. Muda si mrefu akaachia kiti hicho kwa kijana Domitian, mtoto wa mfalme mpya. Hilo jina Domitian liwekeni kiporo, tutarudi kwake.

Mwaka huohuo alikuwa kwenye kampeni ya kijeshi huko Gaul, Ufaransa ya leo. Watu wa kabila la Lingones walikuwa wameasi na waliogopa mji wao ungeporwa. Jeshi la Kirumi likafika, halikugusa mali ya mtu, na wakajisalimisha kwake wanaume wenye silaha 70,000. Habari hii tunaipata kwake mwenyewe, kwenye kitabu chake cha mbinu za vita, kwa hiyo tuipokee na chumvi kidogo. Ila tazama anachojivunia: nidhamu ya askari wasioiba.

Baadaye akawa konsuli, kisha gavana wa Uingereza kuanzia karibu na mwaka 74, akawashinda Silures wa kusini mwa Wales, na ni katika miaka yake ngome kubwa ya Caerleon ilipoanzishwa. Miaka ya 80 akapelekwa kutawala jimbo la Asia, yaani upande wa magharibi wa Uturuki ya sasa. Pale Hierapolis lipo mpaka leo lango la mawe linaloitwa kwa jina lake. Ni kule Pamukkale kwenye zile ngazi nyeupe za chokaa ambazo watalii wanapigia picha. Maji yenye chokaa yatarudi tena kwenye habari hii.

Jambo moja kwenye wasifu wake watu wanalipita haraka: huyu jenerali aliandika pia kitabu cha upimaji wa ardhi. Vipande vyake vipo hadi leo. Namna ya kugawa mashamba, kupanga mipaka, kuamua kesi za viwanja. Kwa hiyo alipokuja kukabidhiwa maji alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, ameshika majimbo mawili makubwa, na kichwani ana jicho la mpima ardhi.

Domitian aliuawa Septemba mwaka 96. Mfalme mpya, mzee Nerva, alitaka kusafisha nyumba, akamteua Frontinus kuwa mkuu wa maji. Sasa hapa bosi wa kawaida angefanya nini? Angekaa ofisini, angeletewa faili na wasaidizi, angesaini. Frontinus aliona hilo ni fedheha kuliko zote, mkuu kuendesha ofisi kwa kuambiwa na walio chini yake. Akaanza kwa kujiandikia mwongozo wake mwenyewe, ajue kila mfereji unatoka wapi, nani aliujenga, una urefu gani, unapeleka maji kwa nani. Ule mwongozo ndio kitabu tunachokisoma leo kuhusu maji ya Roma.

Wakati wake mifereji ilikuwa tisa. Wa kwanza, Appia, ulijengwa mwaka 312 KK. Kwa vipimo vyake ulikuwa na hatua 11,190 za Kirumi (kama kilomita 16 na nusu) na juu ya ardhi zilionekana hatua 60 tu. Zote zilizobaki zilikuwa chini! Picha tunazozijua za matao marefu yanayokatiza mabonde ni sehemu ndogo sana ya kazi. Marcia, wa mwaka 144 KK, ulikuwa na kilomita 91 na maji baridi, safi kuliko yote. Virgo aliujenga Agrippa mwaka 19 KK. Claudia na Anio Novus vilianzishwa na mfalme Caligula mwaka 38 BK, vikamalizwa na Claudius mwaka 52.

Ukiwa na mifereji tisa ambayo karibu yote imezikwa, utaikaguaje? Ndipo Frontinus akaagiza ichorwe ramani ya kila mmoja. Ramani ilionyesha mabonde yako wapi na yana ukubwa gani, mito inavukwa wapi, wapi mfereji umepachikwa ubavuni mwa mlima na unahitaji kuangaliwa kila mara. Sababu yake ilikuwa ya mtu wa kazi kabisa: alitaka akiwa ofisini aweze kuona mambo kama vile yuko palepale, aamue hatua za kuchukua. Ramani zenyewe zilipotea, hakuna hata moja iliyobaki. Lakini mkuu wa idara ya maji aliyefikiri hivyo karne ya kwanza, jamani, anastahili heshima.

Baada ya ramani zikaja hesabu. Warumi walipima maji kwa kipimo kilichoitwa kwinaria, yaani bomba lenye upana wa kama sentimita 2.3. Kwenye daftari za serikali Frontinus alikuta mifereji yote inaandikwa kuingiza kwinaria 12,755. Daftari hizohizo zilionyesha zinagawiwa 14,018. Yaani yanatoka mengi kuliko yanayoingia! Kwa miaka mingi wakubwa walitia saini hesabu hiyo na hakuna aliyeshtuka.

Mzee akaenda kwenye vyanzo kupima upya, mfereji mmoja baada ya mwingine. Anio Novus uliandikwa kuwa na kwinaria 3,263, yeye akapata 4,738. Kwa jumla alipata karibu kwinaria 10,000 zaidi ya zilizo kwenye daftari. Swali likawa moja tu, zinaishia wapi?

Zilikuwa zinaibiwa, na waliokuwa wanaiba ni pamoja na mafundi wa idara yenyewe.

Ngoja niwaeleze mbinu zao maana zinachekesha na kuhuzunisha. Kisheria mtu binafsi akipewa maji na mfalme anawekewa mdomo wa shaba wenye mhuri, wa ukubwa alioruhusiwa, na haki hiyo inakufa na yeye, hairithiwi wala haiuzwi na nyumba. Akija mmiliki mpya anaanza upya. Mafundi wanamtobolea tundu jipya, lile la zamani wanaliacha wazi, maji yake wanayauza wao. Wengine walipewa mdomo mkubwa kuliko kibali, au mdomo usio na mhuri kabisa. Wakulima waliopakana na mifereji waliitoboa kumwagilia bustani zao. Chini ya barabara za mji kulikuwa na mabomba ya siri yaliyounganishwa njiani kuhudumia biashara za watu, na mtu maalumu wa kusimamia hayo matundu. Frontinus alipoyang'oa alipata shehena nzuri ya risasi, maana mabomba yao yalitengenezwa kwa madini hayo.

Ila mbinu iliyonifurahisha kuliko zote ni ya vipimo. Mafundi waliyachezea mabomba ya namba 20, 100 na 120. Lile la 20 walilipunguza. Ya 100 na 120 waliyaongeza. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wanapokea maji kwa ya 100 na 120, wanagawa kwa la 20. Wanapokea kwa debe wanauza kwa kikombe, na katikati kuna ziada isiyo na mwenyewe. Muuza duka yeyote anaielewa hesabu hii bila kusoma Kilatini.

Na watumishi? Idara ilikuwa na vikosi viwili, kimoja cha umma chenye watu 240 na kingine cha Kaisari chenye 460. Hawa walikuwa watumwa, tusisahau, na sifa zote za matao ya Roma zimesimama mgongoni kwao. Wasimamizi walikuwa wakiwachukua kwenda kufanya kazi za watu binafsi kwa hongo au upendeleo. Frontinus akaanzisha utaratibu wa kupanga kazi ya kesho leo, na kuandika kila siku kilichofanyika. Mapato ya kodi ya maji yalikaribia sesterti 250,000 kwa mwaka, na yalikuwa yanaingia mfukoni mwa nani? Domitian, yule kijana tuliyemweka kiporo. Nerva akayarudisha kwa umma.

Kulikuwa pia na fujo ya ubora. Maji ya Marcia yalikuwa yanapelekwa kwenye mabafu, kwa madobi na hata kwenye matumizi machafu zaidi. Akayatenga yawe ya kunywa. Anio Vetus wenye tope akaupeleka kwenye bustani na kazi za usafi. Matengenezo akataka yafanywe kati ya Aprili na Novemba, joto kali likiingia kazi isimame, na mifereji isifungwe miwili kwa pamoja ili jiji lisikauke. Mabirika ya umma yalikuwa 591, na wananchi wa kawaida walitegemea hayo. Kila kwinaria iliyoibiwa ilikuwa inatoka kwa mtu aliyesimama kwenye birika na ndoo.

Sheria alikuwa nayo. Tangu mwaka 9 KK ilikuwepo faini ya sesterti 100,000 kwa anayetoboa mfereji kwa makusudi. Pande zote za matao ilitakiwa iachwe nafasi ya futi 15, bila kujenga wala kupanda miti, maana mizizi inapasua mawe. Watu walijenga na kupanda tu. Si mnajua hifadhi ya barabara inavyokuwa.

Sasa nitamkosoa kidogo mzee wa watu. Kwinaria inapima upana wa tundu, haipimi mwendo wa maji. Maji yakienda polepole kwenye mfereji mpana yanaonekana mengi, yakienda kasi yanaonekana machache, hata kama ni yaleyale. Frontinus alijua kuwa mwendo unabadilisha kiasi na amelisema hilo, ila hakuwa na njia ya kuuingiza kwenye hesabu. Maana yake ni kwamba sehemu ya zile kwinaria 10,000 pengine haikuibiwa na mtu, ilizaliwa na kipimo chenyewe. Mafundi wake walikuwa wezi, mabomba ya siri ni ushahidi wa kushikika. Lakini kiasi cha wizi? Hapo ana kesi ya kujibu, na watumwa hawakuwa na wakili.

Jibu lake limeanza kupatikana kwenye karne yetu hii, chini ya ardhi. Kitabu chenyewe kwanza nusura kipotee. Nakala ya karne ya 12 ilikuwa imelala kwenye monasteri ya Monte Cassino mpaka Poggio Bracciolini alipoikuta mwaka 1429. Mwaka 1899 Clemens Herschel, injinia Mmarekani aliyebuni mita ya Venturi ya kupimia maji kwenye mabomba, akakitoa kwa Kiingereza. Naona imekaa vizuri, mtu wa mita kumtafsiri mtu aliyeteseka kwa kukosa mita.

Wanaakiolojia nao wakakishika kitabu mkononi na kuingia porini. Rodolfo Lanciani alikichambua karne ya 19. Thomas Ashby, Mwingereza aliyeongoza shule ya Uingereza huko Roma, alizunguka mashamba na mabonde nje ya jiji miaka mingi akifuata mabaki, akafa mwaka 1931, kitabu chake kikatoka mwaka 1935. Mama mmoja Mmarekani, Esther Van Deman, alikuwa ametangulia kutoa chake mwaka 1934. Walikuwa wanachora upya zile ramani zilizopotea. Siku hizi wapo wapenda mapango wa Roma wanaoingia ndani ya mifereji kwa kamba na taa, na vipimo vya leza na GPS.

Ila usipoweza kuingia? Hapo ndipo wanapokuja wataalamu wa jiofizikia, na mbinu zao zinaeleweka hata na sisi tusio wanasayansi. Ya kwanza ni kupitisha umeme kidogo ardhini. Udongo wenye unyevu unaupitisha kirahisi, ukuta wa mawe unaukataa. Mfereji wa kale uliojaa tope hushika unyevu, kwa hiyo unajionyesha kama mstari. Ya pili ni magnetomita, inayohisi tofauti ndogo za usumaku, na tofali lililochomwa hujitangaza lenyewe. Ya tatu ni rada ya kupenya ardhini: inatuma mawimbi chini, yakigonga kitu yanarudi, na muda wa kurudi unakuambia kina. Jembe halijagusa ardhi bado.

Mfano ulio wazi ni Falerii Novi, mji wa Kirumi kama kilomita 50 kaskazini mwa Roma, ulioanzishwa mwaka 241 KK na kuhamwa karibu mwaka 700 BK. Leo ni shamba. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Ghent walifunga mitambo ya rada nyuma ya pikipiki ya matairi manne, wakapita mji wote, hekta 30.5, wakisoma kila sentimita 12.5. Vipimo zaidi ya bilioni 28! Matokeo yalitoka mwaka 2020. Walipata soko, hekalu, jengo la bafu, na mtandao wa mabomba ya maji yanayoelekea kwenye jengo kubwa linalodhaniwa kuwa na bwawa la kuogelea. Mabomba hayo hayakufuata barabara tu, yalipita chini ya mitaa ya nyumba. Kwa hiyo yalipangwa mapema, kabla nyumba hazijajengwa juu yake. Halmashauri ya mji mdogo ilipanga maji kwanza, nyumba baadaye.

Na ile kesi ya vipimo? Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi kuhusu ukoko wa chokaa ulioganda ndani ya Anio Novus, kama ule unaouona kwenye birika la chai. Ukoko unaonyesha maji yalifika kimo gani ukutani. Ukijumlisha na upana na mteremko wa mfereji, unapata mwendo, kile hasa alichokikosa Frontinus. Walipata kama mita za ujazo 1.4 kwa sekunde. Nimepiga hesabu na kalkuleta ya simu: hiyo ni mita za ujazo 121,000 hivi kwa siku. Gawanya kwa zile kwinaria zake 4,738, unapata kama 25 kwa kwinaria, wakati hesabu iliyozoeleka vitabuni ilikuwa karibu 40. Mfereji mmoja hauwezi kumaliza kesi, na kiasi cha maji hubadilika kwa msimu na kwa miaka. Lakini naona mwelekeo: maji ya Roma yalikuwa pungufu ya sifa zake, na pengine wezi nao.

Kwetu pia kuna kazi ya namna hii. Mifereji ya umwagiliaji ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, iliyolisha mashamba ya kati ya karne ya 15 na ya 18, nayo imefuatiliwa jiwe kwa jiwe na kuchorwa ramani.

Tumalizie maisha ya mzee. Nerva alikufa mwaka 98, Trajan akaingia, na Frontinus akawa konsuli naye mwaka huo, kisha tena mwaka 100, mara ya tatu kwa jumla. Heshima ya namna hiyo raia wachache sana waliipata. Alifariki mwaka 103 au 104, na kiti chake kwenye baraza la waaguzi wa dola kikachukuliwa na Pliny Mdogo. Alikataza asijengewe kaburi la fahari, akiona ni gharama ya bure, kama maisha yake yalifaa atakumbukwa tu. Pliny alilijadili jambo hilo kwenye barua zake, kwa hiyo katazo lenyewe ndilo likamfanya azungumzwe. Huko Ujerumani tangu mwaka 1976 kipo chama cha wataalamu wa historia ya maji kinachobeba jina lake. Na Virgo bado unafanya kazi: ukitupa sarafu kwenye chemchemi ya Trevi, unaitupa kwenye maji ya mfereji uliokuwa kwenye daftari lake.

Sasa wadau mlioko kwenye mamlaka za maji, mijini na wilayani, nina swali. Ramani ya mabomba ya mji wenu ipo, na mara ya mwisho ilirekebishwa mwaka gani? Hata bila jina, dondosheni hapo chini.